Sauti Iliyopandishwa na Kompresa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye chumba cha mazoezi Nachingwea nimechomekea shati, gitaa la besi la kuazima begani. Kiongozi wa bendi alinisikiliza wimbo mmoja tu. "Noti moja unapiga kama unapasua kuni, inayofuata haisikiki," alisema. "Nenda kwa Fundi."

Fundi mitambo wetu alikuwa mwanamke wa Marambo, Fundi Stumai, mpole kwa watu, mkali kwa nyaya. Alinichomekea kompresa, kiboksi cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya besi na amplifaya, unakiwasha kwa mguu. Kazi yake ni kubana sauti kubwa zikaribiane na ndogo. Kilikuwa na nobu tano za kuzungusha.

"Hii ni kizingiti. Sauti isipovuka hapa haiguswi. Ya pili ni kiasi cha kubana: ukiweka nne kwa moja, sauti ikivuka kwa hatua nne, inatoka moja. Ya tatu ni mwanzo wa kubana. Ukiiharakisha, mdundo wa kidole unakufa. Icheleweshe kidogo, noti igonge kwanza. Ya nne inaamua itaachia lini."

"Na hii ya mwisho, dada Fundi?"

"Inarudisha ukubwa uliopotea. Ipandishe kwa adabu, Hamisi. Inapandisha na vile vidogo ambavyo hukutaka kuvisikia."

Nilidhani anasema mikwaruzo ya nyaya.

Miaka mingi baadaye tulikwenda Ruangwa kupiga harusini. Tulifika saa nane mchana, tukakuta ukumbi wazi, lakini mlinzi wake, Mzee Chilumba, hayupo. Wenzetu wakaenda kula. Mimi na Fundi tukabaki kupima sauti. Niliegemeza besi kwenye mbao za jukwaa, ile nobu ya mwisho ya kompresa ikiwa juu kabisa.

Amplifaya ikavuma. Kisha ikagonga mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

"Umeigusa?" Fundi aliuliza.

"Sijaigusa."

Niliweka sikio kwenye mbao, sikusikia kitu. Kugonga kulitoka kwenye spika tu.

"Besi hii kuukuu inashika hata mtikisiko wa mbao," Fundi alisema taratibu. Akatazama chini. "Hamisi, kuna mtu humo."

Chini ya jukwaa palikuwa na stoo ya viti, yenye mlango mdogo. Tuliusukuma kwa mabega. Mzee Chilumba alikuwa amelala kifudifudi, rundo la viti vya chuma limemfunika. Alikuwa anapumua. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la bendi.

Siku ya tatu tulikwenda kumjulia hali.

"Tulikusikia ukigonga, mzee," nilimwambia.

Alitikisa kichwa. "Mimi sikugonga, mwanangu. Viti viliniangukia asubuhi, mikono yote miwili ikabanwa. Aliyekuwa anagonga nilimsikia, hapa, karibu na kichwa changu. Nikadhani ni nyinyi."

Tulipofika Nachingwea, Fundi Stumai, aliyekuwa na maelezo ya kila sauti, aliishusha ile nobu ya mwisho mpaka sifuri.

Sasa nimestaafu, nalima ufuta Naipingo. Vijana huniletea vifaa vyao niwaelekeze, nami nawaambia kwamba sehemu ngumu ya kazi yetu ni kupima sauti kwenye ukumbi mtupu. Wanacheka.

Mzee Chilumba alipona, akarudi kazini. Nilipompitia mara ya mwisho alikuwa anakwenda stoo kuchukua viti. Alisimama mbele ya ule mlango mdogo, akapiga hodi, akasubiri kwanza.