Taji la Karin

Sufu ikilowa maji ya moto hutoa harufu ya mnyama aliyenyeshewa mvua. Hata ukiipaka sabuni ya kipande, ile ya kijani ya mafuta ya zeituni, harufu hiyo haiondoki. Inajificha kidogo tu, halafu inarudi. Majira ya baridi nilipokuwa na miaka minane, fleti yetu ya Berchem, mjini Brussels, ilinuka hivyo tangu Novemba hadi karibu na Krismasi. Mvuke ulituama kwenye vioo vya dirisha la jikoni hata majengo ya ng'ambo ya barabara yakawa hayaonekani. Mama, ambaye ni Mpare wa Same na amekua akichunga mbuzi, alikuwa akirudi kazini anavua koti mlangoni na kuuliza, "Leo tena nani kamwingiza mbuzi ndani?" Aliyekuwa anaulizwa hakujua Kiswahili. Alikuwa bibi yangu mzaa baba, Mswidi, na kwa lugha yao bibi wa upande huo huitwa farmor, yaani mama wa baba. Mimi nilidhani Farmor ndilo jina lake la ubatizo.

Alikuja kukaa nasi baada ya babu kufariki. Baba alikwenda kumchukua kwa gari, akarudi naye na masanduku mawili, moja likiwa na nguo na jingine likiwa limejaa sufu ya kondoo iliyotiwa rangi: nyeupe, kijani, nyekundu na manjano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Farmor hakungoja kupewa. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekwishapanga upya makabati ya jikoni, na Mama amesimama katikati ya sakafu akitafuta chumvi. Baba alikuwa fundi wa treni, na zamu zake zilianza alfajiri kwenye kituo cha Gare du Nord. Mama alihudumia wazee majumbani mwao, akawa anazunguka mji mzima kwa tramu kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Kwa hiyo baada ya shule tulibaki wawili, mimi na Farmor. Sikujua Kiswidi zaidi ya maneno ya salamu na ya chakula, naye hakujua lugha yangu yoyote. Tuliongea kwa vidole, kwa macho, na kwa kuonyeshana vitu.

Jina langu ni Mkunde. Kwa Mama ni jina jepesi, lina mapenzi ndani yake, lakini mdomo wa Farmor ulikwama pale mwanzoni. Alijaribu: "Um-kunde. Mo-kunde." Akacheka, akajaribu tena, kisha akaacha. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuniita Karin. Sikushangaa sana. Shuleni nako mwalimu alikuwa akiniita Mikunde, na dereva wa basi la shule aliniita Mimi. Niliona ni kawaida tu kwamba kila mlango una jina lake, na kwamba Karin ni Mkunde kwa Kiswidi. Alipoita, niliitika. Jinsi nilivyoitika ndivyo alivyozidi kuita, na sauti yake ikawa laini kuliko alipokuwa akilihangaikia jina langu lenyewe. Nilianza kulipenda jina hilo. Nilijisemea mwenyewe bafuni, mbele ya kioo, nikitazama kama uso wangu unabadilika.

Jambo la taji lilianza na ugomvi mdogo. Kwao katikati ya Desemba kuna asubuhi ya Lucia, ambapo binti wa nyumbani huvaa gauni jeupe na taji la mishumaa, akawapelekea watu wa nyumba kahawa na mikate ya zafarani wakiwa bado kitandani. Farmor alitoa taji la shaba lenye vishikio vya mishumaa, akaliweka mezani. Mama alilitazama, akanitazama mimi, akamwambia Baba kwa Kiswahili ili Farmor asipate nafasi ya kumbembeleza: "Mtoto nampeleka kusuka rasta za sikukuu. Rasta hizi zinashika moto kama petroli. Mwambie mama yako asante sana, ila moto hautakaa juu ya kichwa cha mwanangu." Baba alitafsiri kwa maneno machache kuliko hayo. Farmor alifikiri kidogo, akalirudisha taji sandukuni, akatoa sufu.

Kitambaa tulichotengeneza sijui jina lake la Kiswahili. Shuleni tulikiita feutre, na Mama alikiita blanketi gumu. Hakifumwi wala hakishonwi. Unapanga sufu kwa tabaka, nyembamba kama pamba ya dawa, moja kwenda huku na nyingine kwenda kule. Unamwagia maji ya moto yenye sabuni, unakandamiza kwa viganja, unasugua taratibu, kisha unakunja ndani ya mkeka mdogo wa vijiti na kubingirisha mbele na nyuma hadi mikono inauma. Nyuzi zinashikana zenyewe. Kilichokuwa wingu kinakuwa kitu, na kadiri unavyokisugua kinapungua. Farmor alitengeneza mshipi wa kijani kuzunguka kichwa. Mimi nikapewa kazi ya kubingirisha matunda mekundu viganjani kama matonge ya ugali. Mishumaa ilikuwa ya sufu nyeupe, na ndimi za moto za manjano. Hakunipima kichwa. Alikadiria kwa mikono yake miwili hewani, akaitazama nafasi iliyokuwa katikati ya mikono hiyo kana kwamba kuna kitu ndani yake, akaanza kukata. Alikuwa akiimba, na mara kwa mara alisema jina lile, Karin, hata pale ambapo hakuwa akiniita. Hilo ndilo lililonichanganya kwanza. Niliitika, "Bee?" naye hakugeuka.

Jumamosi iliyotangulia sikukuu, Mama alinipeleka Matonge, mtaa wa Waafrika pale mjini, kwa msusi wake, Maman Béa, mama wa Bukavu mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Farmor tulikuwa naye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, koti limefungwa vifungo vyote, akitazama vichwa vya wanawake kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake. Maman Béa alimpa chai, akauliza, "Huyu maman mukubwa ni bibi ya mutoto? Bon, ni mwema, anaketi muzuri." Kisha akanigeukia: "Na weye, kwa lugha yake anakuitaka nani?"

"Karin," nikasema kwa fahari. "Kwa Kiswidi mimi ni Karin."

"Alors, uko na majina mbili! Hata miye niko na tatu."

Wote walicheka isipokuwa Mama. Nilimwona kwenye kioo. Mkono wake uliokuwa unampitishia Maman Béa nywele ulisimama hewani. "Nani kakwambia hivyo?" akauliza. Nikamwonyesha Farmor kwa kidole, naye Farmor akatabasamu kwa kuwa alisikia neno moja analolijua. Rasta zilipoisha, Mama alilipa haraka, akanivalisha koti. Kwenye metro alinishika mkono kwa nguvu, kama tunavuka barabara.

Jioni ile walizungumza jikoni kwa sauti za chini, mlango umerudishwa. Niliketi sebuleni karibu na Farmor, aliyekuwa akishonea matunda kwenye taji, na nilipata vipande vipande. Mama alikuwa anasema kwamba kwao mtoto huachiwa jina la marehemu kwa heshima, watu wakikusanyika na mtoto akiambiwa amebeba jina la nani. Havishwi jina kimyakimya kama nguo ya kuazima. Baba alisema, "Anasahau tu, ni mzee." Mama akasema, "Mimi kazi yangu ni wazee. Najua wanavyosahau. Wewe je, mbona humkumbushi?" Nikasikia Baba akifungua bomba la maji. Marehemu ni nani? Nilimtazama Farmor. Alinipa tunda moja jekundu nilishike. Nilifikiri labda mimi ndiye niliyekufa mahali fulani bila kuarifiwa, na wakubwa walikuwa wanatafuta namna ya kuniambia.

Asubuhi ya Lucia bado kulikuwa giza. Nilivaa gauni jeupe, Farmor akaleta taji, akaliweka kichwani pangu. Halikuingia. Lilikaa juu ya rasta kama kifuniko kwenye sufuria isiyo yake. Alilisukuma kidogo, akalizungusha, akalisukuma tena. Kisha akazishika rasta zangu, moja moja, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Karin?" akasema, na safari hii lilikuwa swali.

Sikujua niitike au nisiitike. Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. Mama alipita mbele yake, akaniwekea mikono mabegani, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Huyu ni Mkunde, mama. Mkunde. Ni mwanangu na mwanenu." Sauti yake haikuwa na ukali; ndivyo alivyozungumza na wazee wake wa kazini. Farmor alishusha taji, akageuka, akaingia jikoni. Nilidhani amekwenda kulia, nikaanza kulia mimi. Tukasikia bomba likifunguliwa na birika likiwashwa. Akatuita kwa neno la Kiswidi ambalo hata mimi nilijua maana yake: njoo.

Alinikalisha kwenye stuli. Alilichovya taji katika beseni la maji ya moto na sabuni, akalikamua, akaanza kulivuta kwa vidole gumba pande zote, kisha akalivisha kichwani pangu likiwa bado na mvuke, akaendelea kulivuta na kulikandamiza juu ya rasta mpaka likashuka na kukaa. Maji yalinitiririka shingoni hadi ndani ya gauni. Alikuwa akizungumza mfululizo. Nilimuuliza Baba anasema nini. Baba alijifuta uso kwa kiwiko, akasema, "Anasema una kichwa kikubwa." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nikabeba sinia ya mikate ya zafarani kwenye korido, nimelowa, mishumaa ya sufu ikiinama, na kwa kuwa wote walikuwa wameamka na hakukuwa na mtu kitandani wa kupelekewa, nilizunguka vyumba vitupu na kurudi jikoni.

Hapakuwa na muujiza baada ya hapo. Siku nyingine nilikuwa Umkunde, siku nyingine Karin. Mama alimsahihisha kila mara. Baba hakumsahihisha hata mara moja, na mimi niliitika yote mawili nikiwa sijui ni nani anayependwa. Barafu ilipoyeyuka kwao, Farmor alirudi Uswidi kwenye nyumba ya wazee, na kabla ya Desemba nyingine tulisafiri kwenda kumzika. Makaburini niliona jiwe dogo kando ya kaburi lake, lenye jina Karin na miaka ya mtoto. Nilihesabu kwa vidole. Tulikuwa rika moja.

Sasa naishi Schaerbeek, nina kazi yangu na funguo zangu, na Brussels imejaa watoto wenye nyuso kama wangu ambao hakuna anayewauliza sana walikotoka. Wakati wetu tuliulizwa na kila mtu, ila nyumbani ndimo mlimokuwa na maswali yasiyoulizwa. Majira ya baridi yaliyopita, Baba, ambaye amestaafu, alikuja kunisaidia kutundika makabati. Nikamuuliza kwa nini hakumsahihisha mama yake. Aliweka bisibisi chini. Akasema Karin alikuwa dada yake, alikufa kwa homa Baba akiwa bado mdogo, na tangu siku ya maziko hakuna aliyelitaja jina lake tena nyumbani kwao, wala mama wala baba. "Nilikuja kulisikia tena jikoni kwetu Berchem," akasema. "Nilikuwa nikitoka zamu mapema, nasimama kwenye korido na koti langu, nawasikiliza nyinyi wawili. Anaita, unaitika. Ningewakatiza vipi?"

Mama anasema hata hivyo Baba alikosea, na Mama ana haki. Baba aliniuliza kama nilimchukia yeye kwa hilo. Nilitafuta jibu kwa Kiswahili, nikalitafuta kwa Kifaransa, nikamwambia sijui. Akaiokota bisibisi. Kisha, akiwa na skrubu mdomoni, akaanza kunisimulia jinsi Karin alivyokuwa akiogopa bata, na hiyo ndiyo habari ya kwanza ya shangazi yangu niliyowahi kupewa.