Kisima Kilichochimbwa Mara ya Pili

Faraj bin Hamid alijulikana mjini Mvita kwa majani. Wako waliojulikana kwa nasaba, wako kwa mali, na wako, Mungu atusitiri, kwa ndimi zao. Yeye alikuwa Faraj wa tambuu, basi. Shamba lake dogo lilikuwa nyuma ya Makadara, kwenye njia ya kwendea Makupa. Alilima mchicha, bilingani na pilipili, lakini hivyo vilitosha kutia chungu moto tu. Kilichoisimamisha nyumba ni safu za mitambuu alizopanda marehemu babake, zikitambaa juu ya nguzo chini ya kivuli cha makuti, zikinyweshwa asubuhi na alasiri. Kukicha, Faraj alifunga majani mafungu mafungu, akayafunika kitambaa kibichi, akaenda kubisha mlango kwa mlango. Hapakuwa na harusi wala matanga bila ya sinia la uraibu wa kutafuna, na sinia lisilo na jani la Faraj lilimtia aibu mwenye nyumba.

Mwenyewe alitafuna tangu kuamka hata kulala. Chokaa, popoo, tumbaku, jani. Akitema hili, atia lile. Swabaha, mkewe, ambaye chokaa ilimuumiza ufizi na hakuila, alikuwa akimcheka kwamba mbuzi amekabidhiwa shamba.

Vuli ya mwaka 1898 haikuja. Mawingu yalijikusanya, yakatazama, yakaenda zao. Bara njaa ilikwisha kuanza kuua, na watu walivuka Makupa kuingia kisiwani wamebaki mifupa na macho. Visima vya majirani vikakauka, nao wakaja kwa Faraj na mitungi yao, kwa kuwa babake alikiacha kile kisima sabili, bure kwa kila mtu, na maji ya sabili hayazuiliwi. Kamba ikaungwa, ikaungwa tena. Hata siku moja ndoo ikapanda na tope.

Sasa tazama shida ya mtu huyu. Majirani hawezi kuwafukuza. Mitambuu ikikosa maji siku chache, imekufa, na mtambuu mpya haumlishi mtu mpaka miaka ipite. Ikifa, Faraj wa tambuu naye amekwisha. Atabaki Faraj wa kubeba mizigo ya reli kwa mgongo wa uzee.

Babake alikuwa amemfundisha jambo moja juu ya kisima: ukifika maji, shukuru uinuke, usirudi kuchimba. Kisiwa hiki ni jiwe lililokaa baharini, na maji matamu yameelea juu ya ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Ukizamisha upawa sana, utaukuta mchuzi. Faraj aliyajua hayo kama alivyojua alhamdu. Lakini mwenye shida ana akili zake, naye alijiambia kwamba mzee alisema vile kwa zama zake, zama za mvua.

Akamwita Ngumbao, mtu wa Nyika aliyekuwa akichimba kwa chakula cha siku. Ngumbao akashuka na mtaimbo, akavunja jiwe mpaka sauti yake ikawa yatoka mbali.

"Mzee," akaita kutoka chini, "huku kwanuka pwani."

"Ni tope la zamani hilo. Ongeza."

Akaongeza. Maji yakaja kwa kishindo, na Ngumbao akapandishwa amelowa mpaka kifuani. Faraj akachinja jogoo akatoa sadaka, na siku hiyo mitambuu ilinyweshwa ikashiba. Ngumbao alikula wali wake. Alipoletewa kata ya maji, aliyaweka chini bila ya kuyanywa, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya pili Swabaha alionja maji, akamfuata mumewe shambani.

"Babake Mona, maji yamegeuka. Yana munyu."

Faraj akateka, akasukumia tambuu shavuni, akanywa. Ulimi ule ulikuwa umeshapikwa na chokaa miaka arubaini. Usingeijua hata siki.

"Matamu kama jana," akasema. "Weye wataka kuniharibia baraka."

Mkewe alimwambia tena, na mara ya tatu akajibiwa kwamba ana ulimi wa mbuzi, na akome. Swabaha aliumia. Tangu siku hiyo mtungi wa kunywa na kupikia akaenda kuujaza kisima cha msikitini, akasema moyoni, mwenye kiburi atajionea. Faraj akawa ananywa maji ya msikiti nyumbani kwake, akiyasifu maji yake.

Mambo yakaanza kuja kidogo kidogo, na hayo ndiyo mabaya. Bi Shariffa, ajuza aliyenunua tambuu tangu enzi za babake Faraj, alilitafuna jani akalitoa kinywani. "Mwanangu Faraj, jani lako siku hizi lang'ata," akasema, akamrudishia fungu. Majirani nao wakapungua. Leo hakuja huyu, kesho yule, na waliokutana naye njiani walimsalimu kwa heshima kuliko kawaida, wakauliza hali ya mwanawe Mona, wakapita upesi. Hakuna aliyemwambia. Nani angemtukania mtu maji aliyompa bure? Adabu yetu ya Mvita ni nzuri, lakini iko siku huzika mtu. Faraj alipoona uwanja wa kisima u mtupu alifurahi, akasema Mungu amewafungulia wenziwe visima vyao, sasa maji yote ni ya mitambuu.

Kisha kingo za majani zikaanza kuungua. Ukingo wa hudhurungi, mwembamba, kisha ukazidi kuingia ndani. Jua hili, akasema Faraj, akaongeza makuti. Majani yakazidi, naye akazidisha maji. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua. Usiku Swabaha alimsikia akigeuka kitandani, akataka kusema, akalikumbuka lile neno la mbuzi, akageukia ukuta.

Ikaandama Ramadhani. Siku ya mwanzo Faraj alishinda bila ya jani mdomoni, kichwa chamgonga, akigombana hata na kuku. Alasiri alinywesha safu zote, akaona hazikushiba, akarudia. Adhana ya magharibi ikamkuta kisimani na ndoo mkononi. Akasema bismillahi, akafuturu pale pale.

Akatema. Alidhani ni kinywa cha mfungaji, akasukutua, akanywa tena taratibu, na ulimi uliopumzika kutwa nzima ukamwambia wazi. Ilikuwa bahari.

Aliingia ndani na ndoo yake. Swabaha alikuwa ameweka tende na kata ya maji juu ya mkeka. Faraj akaichukua kata, akanywa. Yalikuwa matamu.

"Haya umeteka wapi?"

"Msikitini."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiita mbuzi," akasema Swabaha. Sauti haikuwa na ukali. "N'likwambia mara tatu, bwana. N'lidhani utayaonja mwenyewe siku mbili hizi, unitake radhi."

Kisha akaiona ndoo, akaona mikono ya mumewe ilivyolowa mpaka kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza akafikiri, si ugomvi wao, bali mitambuu. Woga ukamshika.

"Leo umenywesha?"

"Mara mbili," akasema Faraj.

Wakatoka wote wawili bila ya kula. Wakapiga magoti kwenye safu ya kwanza, ile ya marehemu, wakaanza kufukua udongo kwa vidole, kuuondoa mashinani kabla maji hayajashuka. Mizizi ya juu ilitoka nao mikononi, laini, myeusi. Wakahamia shina la pili, la tatu. Udongo ulikuwa umelowa kotekote, na uliendelea kunywa.