Lecturer aliyenifuata kwenye foleni ya malori Malaba kunipa feedback ya katikati ya semester

Wakuu, salamu kutoka Malaba. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Nasoma logistics kwenye chuo kimoja Busia. Siku ambazo sina class niko hapa mpakani, nafanyia kazi clearing agent mmoja. Kazi yangu ni kupita kwenye foleni ya malori nikikagua karatasi za madereva kabla hawajafika dirisha la customs. Nikiona kosa, linarekebishwa huku nyuma. Likionekana dirishani, dereva analala hapa siku mbili tatu.

Sasa kuna unit ya customs. Mwaka jana niliifeli. Nilikuwa nairudia, na kwetu ukifeli mara ya pili unafunga virago, unaenda nyumbani.

Niliogopa? Wapi! Nilijiambia customs ndiyo kazi yangu ya kila siku, nani atanifundisha? Kiburi ni kitu kibaya, jamani.

Anayefundisha ni mama mmoja, tumwite Madam Nekesa. Kila week ya saba anaita mwanafunzi mmoja mmoja, dakika kumi, anamwambia amesimama wapi. Na tuko wengi kweli. Sijaona lecturer mwingine kwetu akijisumbua hivyo.

Zamu yangu ilipofika sikwenda. Nikamtumia message kwamba niko kazini Malaba, kwenye foleni ya malori.

Jumamosi nimesimama kando ya trela la kwenda Kampala, nikasikia naitwa jina. Kugeuka, Madam huyo! Viatu vimejaa matope, CAT yangu, ule mtihani mdogo wa katikati ya semester, iko mkononi.

Wakuu, nilitamani kuingia chini ya lile trela.

Akaketi kwenye benchi la mama wa chai, akaniambia nikae.

"Soma swali la kwanza."

Swali lilitaka hatua za kupitisha mzigo wa transit, ule unaopita tu kwenda nchi nyingine.

"Haya, soma jibu yako."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika kisa cha dereva aliyekwama hapa kwa sababu seal ya kontena ilikatika. Kisa kitamu kabisa. Hatua, hakuna hata moja.

"Lakini Madam, hii kazi naijua."

"Najua unaijua. Lakini hujaandika. Mwenye atasahihisha exam hakujui, ataona tu karatasi."

Dereva wa lile trela, Mganda mmoja mcheshi, akatoa kichwa nje. "Nnyabo, huyu kijana wako anatusaidia sana. Saa hii ameona namba ya kontena yangu imeandikwa vibaya."

Madam akanigeukia. "Kwa nini hukumwacha afike dirishani na hiyo makosa?"

"Singeweza, Madam. Angekwama."

"Na mimi nikuache?"

Nitasema ukweli, machozi yalinilenga. Mama wa chai akajifanya anapanga vikombe.

Tulipitia ile CAT yote pale pale, kisha akapanda boda akarudi zake. Tangu siku hiyo, kila week niliandika jibu moja nikampelekea. La kwanza lilirudi limejaa wino mwekundu. La pili vilevile. La tano aliandika neno moja tu: endelea. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Matokeo yalitoka wiki jana. Nimepita, nimebaki chuoni. Nilimpigia kumshukuru.

Yeye akauliza, "Yule dereva wa Kampala alivuka?"

"Alivuka Madam, siku ile ile."

"Sawa basi. Hata wewe umevuka."

Nilichojifunza: nilidhani kuambiwa kosa langu ni kudharauliwa, kumbe huyo mama ndiye aliyeniheshimu kuliko wote. Ukiitwa week ya saba, enda. Usingoje mtu mzima akufuate kwenye matope.

Na nyinyi wakuu, nani aliwahi kuwafuata hivyo? Mwageni hapa. Nitasoma zote, niko kwenye benchi lile lile la chai.