Mwongozo wa Mistari Mitupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mafaili kumi na moja ya mwongozo uleule. Moja liliitwa "mwisho", jingine "mwisho kabisa", jingine "mwisho wa Mutuku". Nilicheka, kisha nikaogopa. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi hapa Machakos, lakini sikujua lipi lilikuwa sahihi. Wenzangu watatu, Mutuku mwenyewe akiwemo, hawakujua pia.

Tulitafsiri mwongozo wa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bure. Makarani wa zahanati waliitumia kuandikisha wagonjwa. Shida yake ni kwamba haitulii: kila toleo jipya hubadilisha sentensi hapa na pale. Wenzangu walikuwa na mafaili yaliyorembwa kama kadi za harusi, na toleo likibadilika hakuna aliyeona palipobadilika. Walianza tena ukurasa wa kwanza.

Nikashauri tubadilishe umbizo, yaani namna ya kuhifadhi maandishi. Tuandike matini tupu, kila sentensi mstari wake, ili kompyuta ilinganishe ya zamani na mpya na kutuonyesha tofauti tu.

Mkurugenzi, mtu wa suti hata Jumamosi, alikunja uso.

"Mwalimu, hii kitu yako haina hata rangi. Mimi niko na wageni wanakuja. Nitawaonyesha nini?"

"Urembo kompyuta itaweka mwishoni, mzee, kitabu chote mara moja."

"Na ikikataa?"

"Nitarudi kwetu Katelembo nilime."

Nilisema kwa jeuri, ingawa sikuwa na hakika. Tukahamisha kila kitu.

Muda si mrefu, Jumatatu moja, wenye programu wakatuandikia: toleo jipya linatoka Ijumaa, na lugha ambayo haitakuwa imekamilika itaondolewa. Makarani wetu wangerudishiwa Kiingereza kilichokuwa kimewashinda. Mkurugenzi alishika kichwa.

Tukalinganisha. Katika kitabu kizima, mistari iliyobadilika haikufika mia tatu! Tukaigawana kama watu wa mwethya, ule ujima wetu Wakamba, wanavyogawana matuta ya kuchimba shambani: kila mtu na kipande chake, wote kwa pamoja, hakuna kukanyagana. Kwa mafaili ya zamani wawili wasingeweza kugusa ukurasa mmoja bila kuharibiana. Jumatano mchana tulikuwa tumemaliza.

"Mwalimu," Mkurugenzi akasema, "hao wageni nitawaonyesha hii mistari yenyewe."

Nilistaafu baada ya matoleo mengi, na hakuna hata moja lililotoka bila Kiswahili. Najivunia, na sioni haya kusema hivyo. Ninyi mnaoanza, chagueni kitakachowarahisishia kurekebisha, hata kama wakubwa watakidharau.

Juzi nilikwenda zahanati ya Mitaboni kupimwa presha. Karani, msichana mgeni, alikwama kwenye kompyuta, akafungua mwongozo, akasoma kwa sauti sentensi niliyoiandika mwenyewe. Akabonyeza. Kadi yangu ikatoka.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia.

"Ndiyo, susu, chukua tu. Ni kadi yako," akajibu, akiniita nyanya kwa Kikamba.

"Sentensi, si kadi!"

Akacheka, akamwita mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu. Mstari ulikuwa mrefu, nao ulikuwa unasonga.