Posa ya Kusimama

Pudentienne anaweza kusimulia mambo ya wiki mbili kwa muda wa kushona mapindo matatu ya suruali. Amelipima hilo. Pindo moja kwa cherehani yake ya kukanyaga, pale soko la Kimironko, Kigali, huchukua dakika tatu na kidogo, na dakika anazopewa kila Jumatano ya pili ni kumi. Mapindo matatu, halafu filimbi.

Filimbi ni ya gerezani. Mumewe Karangwa yuko ndani mwaka wa pili sasa, na kosa lake nitalieleza vizuri, maana sokoni limeshaelezwa vibaya vya kutosha. Karangwa alizaliwa na kipaji kimoja ambacho Mungu alimpa bila maelekezo ya matumizi: kufaulu mitihani. Alifanya mtihani wa karatasi wa leseni ya udereva, akafaulu. Akaufanya tena kwa jina la jirani, akafaulu. Akaufanya kwa majina ya watu saba, na wote saba wakafaulu kwa alama zilezile, jambo lililowashangaza hata wao. Kwa jina la nane, msimamizi alimpa mkono mlangoni akamwuliza, "Na leo unaitwa nani?" Karangwa ni mtu wa adabu. Alijibu.

Miaka mitatu. Ukikoswakoswa na gari pale Kimironko, usimlaani dereva haraka. Huenda ni mmoja wa wale saba.

Basi kila Jumatano ya pili Pudentienne hufunika cherehani kwa kitambaa, akapanda basi na kichwa kilichojaa ujumbe. Mama wa viazi anamsalimu Karangwa. Fundi wa jirani anauliza kama ni kweli chumvi ya huko haikolei. Mteja fulani, ambaye leseni yake ina historia, anasema tu, "Mwambie simo." Yote hayo Pudentienne huyapanga njiani, mazito mbele, umbea nyuma, halafu huyafanyia mazoezi kwa midomo tu, na abiria wa pembeni hudhani anasali.

Mwanzoni hakuwa stadi hivyo. Siku ya kwanza alitumia dakika sita kulia na mbili kupenga kamasi. Siku ya pili alikaa kwenye benchi akimngoja Karangwa aletwe, na alipoletwa, filimbi ikalia.

"Lakini ndiyo kwanza amefika!" alisema.

"Umekaa dakika kumi, mama," alijibu askari. Askari huyu anaitwa Régis, kijana mwenye saa kubwa mkononi, anayependa kanuni kama wenzake wanavyopenda mpira. Hana ubaya. Hana rushwa. Hana hata mzaha. Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ndani ya plastiki: *Muda wa maongezi ni dakika kumi tangu mgeni anapoketi. Mgeni asiyeketi bila sababu atatolewa.*

Pudentienne aliisoma karatasi ile kama watu wanavyosoma barua ya wosia. Toka siku hiyo hakuketi tena mpaka amwone Karangwa akitokea mlangoni. Siku moja alijaribu kuongea akiwa amesimama, akasingizia mgongo. Régis alimwambia alete karatasi ya daktari. Chuo kikuu huwafundisha watu sheria kwa miaka minne; Pudentienne aliifundishwa na ukuta, bure, akisubiri foleni.

Mwaka huu binti yao, Shimwa, akachumbiwa.

Mchumba anaitwa Gisa, kijana mpole wa Biryogo anayetengeneza friji. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja: siku ya posa, upande wa mume husimamisha msemaji, akaomba, na baba wa binti, kwa kinywa chake au kwa msemaji wake, akajibu. Sasa nani atajibu?

"Akchuali, nitajibu mimi," alisema Norman. Norman ni kaka mkubwa wa Karangwa, amekulia Kampala, ana ofisi Kacyiru na suti tatu, na sentensi zake nyingi huanza kwa neno hilo la Kiingereza. "Mimi ndiye baba mkubwa. Nimeshaandika hotuba. Kurasa nne."

"Shemeji, baba yake yuko hai."

"Yuko hai, ndiyo. Lakini watu watasema nini wakiuliza yuko wapi?"

"Watasema yuko gerezani. Ndiko aliko."

"Mama Shimwa, kuwa mwelewa. Tutasema amesafiri."

Hapo Shimwa, aliyekuwa akimenya ndizi jikoni, alitokea na kisu mkononi. "Baba mkubwa, wanaojibiwa na kaka zao ni marehemu. Baba asiponitoa yeye, sitoki. Mwambieni Gisa anunue kiti, atangoja mwaka mzima." Akarudi kwenye ndizi.

Mwaka mzima! Gisa alipoambiwa alikuna kichwa, halafu akasema maneno yaliyomfanya Pudentienne ampende kuliko friji alilomtengenezea: "Mama, mimi naoa kwa Karangwa. Kama Karangwa yuko gerezani, posa nayo iko gerezani."

Tatizo likabaki dakika kumi, na msemaji wa upande wa Gisa.

Msemaji huyo ni mzee Nshimiyimana, na kama umewahi kuhudhuria harusi Kigali ukafika nyumbani na njaa, huenda ni yeye aliyekushikilia. Huposa kwa kukodishwa, mara mbilimbili kila Jumamosi. Huanzia kwa mababu, hupitia kwa ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na mpaka afike kwa bibi harusi wali umeshapoa na watoto wamelala chini ya meza. Kumwambia Nshimiyimana apose kwa dakika kumi ni kumwambia tembo apite dirishani.

Pudentienne alimfuata nyumbani kwake. Hakumwomba afupishe. Alimwuliza swali moja tu.

"Mzee, ukienda kuposa, unakaa lini?"

Mzee aliudhika. "Mama, mimi ni wa jana? Msemaji hakai mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Hata miguu ikivimba!"

"Hata ukiambiwa na mtu mwingine kaa?"

"Hata na askofu."

"Basi twende Jumatano," alisema Pudentienne.

Wageni wanaoruhusiwa ni watatu. Waliingia Pudentienne, Shimwa na Nshimiyimana, mzee akiwa amenyang'anywa fimbo getini, mkono wake umekunjwa hewani kana kwamba bado ameishika. Pudentienne alivaa mushanana mpya, lile vazi la kutupia begani, la rangi ya chungwa inayowaka, na Shimwa vilevile. Mlango ukafunguliwa, Karangwa akatokea na sare yake ya mfungwa, rangi ileile. Alitazama mke, akatazama binti, akatazama sare yake. Ungedhani familia imeshonewa kitambaa kimoja kwa ajili ya sherehe.

"Kaeni," alisema Régis, kidole juu ya kitufe cha saa.

Hakukaa mtu.

Karangwa, kwa adabu yake ileile iliyomfunga, alianza, "Karibuni, ka..."

Pudentienne alikohoa kikohozi cha kuamsha wafu. "Baba Shimwa! Huyu mzee ametoka kwa kina Gisa. Amekuja kuomba. *Hujamkaribisha bado.*"

Karangwa alinyamaza na mdomo wazi. Akalitazama benchi. Akaitazama saa ya Régis. Akaitazama karatasi ukutani. Mtu aliyefaulu mitihani saba ya wenzake hawezi kuanguka mmoja wa kwake. Alifunga mdomo, akavuta sare yake ikakaa sawa mabegani, akainua kidevu.

"Nani ninyi," alisema kwa sauti kubwa, "mnaoingia kwangu bila hodi?"

Uso wa Nshimiyimana ukang'aa. Alikuwa nyumbani; posa huanza hivyo, mwenye nyumba akikana kila kitu.

"Mzee, kaa chini," alisema Régis.

"Kijana, mwenye nyumba hajanikaribisha."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Wewe una binti?"

Ukumbi mzima ukageuka. Régis aligeukia ukuta, kimbilio lake, akasoma kwa sauti: "Mgeni asiyeketi *bila sababu*..."

"Sababu anayo, afande," alisema Pudentienne kwa upole wa sukari. "Ni posa. Waulize wazazi wako kama msemaji alikaa kabla ya kukaribishwa siku ya kumposa mama yako. Na hapo juu imeandikwa dakika zinaanza anapoketi. Hajaketi."

"Na ninyi wawili? Ninyi si wageni wa posa. Ninyi ni mke na binti!"

"Umesema mwenyewe, afande. Sisi si wageni. Karatasi inahesabu wageni."

Régis alisoma karatasi mara ya pili, midomo ikitikisika. Alitafuta neno moja la kumwokoa. Hakulipata. Na kwa kuwa ni mtu wa kanuni kwelikweli, hata kanuni ikimgeuka, alikitoa kidole kwenye kitufe.

"Endeleeni," alisema, kama anayeng'olewa jino.

"Tumesikia," alianza Nshimiyimana, "kwamba katika boma hili kuna binti."

"Binti?" Karangwa alishangaa. "Mzee, umepotea njia. Hapa kwangu ni wanaume watupu, mamia, wa sare moja. Ukimtaka mmoja, chagua, nitakufungia."

Wafungwa waliokuwa kwenye mabenchi mengine walicheka hadi wakasahau dakika zao.

"Boma lako ni kubwa," alikiri Nshimiyimana. "Tumekaguliwa mifuko mlangoni. Nimeposa kwa matajiri wenye mlinzi mmoja. Wewe una wangapi?"

"Sijawahi kuwahesabu. Wao ndio hunihesabu, asubuhi na jioni, nisije nikapotea."

"Huo ni upendo."

"Huo ni upendo. Na binti mnayemtaka hayupo. Ameenda Kanada."

Shimwa alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mzee, kitambaa cha chungwa begani, akijiuma midomo. Nshimiyimana, kwa ustadi wa miaka thelathini, hakumwona.

"Kanada tumetoka huko. Wametuambia amerudi kwa baba yake, baridi imemshinda."

"Na ng'ombe wenu?"

"Yuko getini. Wamemkatalia, hana kitambulisho."

Hapo hata Régis alipitisha kiganja mdomoni. Dakika ishirini zilikuwa zimepita na hakuna hata moja iliyohesabiwa. Mwanamke mmoja wa benchi la tatu alisimama ghafla akasema, "Afande, na mimi nina posa!" akaamriwa kukaa.

Kisha Karangwa akaegemea mbele. "Huyo kijana wenu. Ana leseni ya udereva?"

"Anayo."

"Mtihani alifanya nani?"

Watu wote mle walijua kilichomleta Karangwa.

"Alifanya mwenyewe," alisema Nshimiyimana. "Alianguka mara mbili. Ya tatu akapita."

"Mara mbili!" Karangwa alicheka peke yake, akatikisa kichwa, na kicheko kikaishia njiani. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini. "Basi huyo ni mwanaume. Mzee, nimejibu kwa majina ya watu wengi, na ndiyo maana unanikuta hapa. Leo najibu kwa langu. Mimi Karangwa, nikiwa hai, nikiwa na akili zangu, nimempa Gisa binti yangu Shimwa. Asiseme mtu kwamba alitolewa na mwingine." Akafuta uso kwa mkono wa sare. "Sasa karibuni mkae."

Walikaa. Régis akabonyeza kitufe.

Na hapo, mama huyu ambaye kwa mwaka na zaidi alifundisha ulimi wake kukimbia kama cherehani, aliuacha upumzike. Salamu za mama wa viazi zilibaki kichwani. Shimwa na baba yake walitazamana kuvuka nafasi iliyowatenganisha, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Walitumia dakika zote kumi. Filimbi ilipolia, Régis aliipuliza taratibu kidogo.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Julai, hema limejaa, wanawake wote wa upande wa bibi harusi wakiwa na mishanana ya rangi ya chungwa kutoka cherehani ya Pudentienne. Norman, aliyetaka rangi ya maziwa, aliketi mbele katikati ya moto ule na kurasa zake nne. Nshimiyimana akasimama, fimbo mkononi. Hema zima likashusha pumzi. Wazoefu walivua viatu. Mama mmoja alitoa sambusa aliyoificha kwenye pochi.

"Nilikwenda kwa baba wa binti," alisema Nshimiyimana. "Nikaomba. Akanipa kwa kinywa chake, kwa jina lake, mbele ya askari mwenye saa. Sina la kuongeza."

Akakaa. Jasho lilikuwa likimtoka. Nafikiri kwake hilo lilikuwa zito kuliko hotuba zote alizowahi kutoa.

Norman alinyanyua kurasa. "Akchuali..."

"Shemeji," alisema Pudentienne, "kajibiwa. Waite watu wakale."

Wapishi hawakuamini. Saa saba kasorobo mchana, harusini, Kigali, wali ukiwa unatoa moshi! Wageni walipanga foleni wakiuliza huyu baba wa bibi harusi ni mtu gani na wapi wanaweza kumpelekea shukrani. Wakaambiwa ni wapi. Hakuna aliyepunguza wali.

Jumatano iliyofuata Pudentienne alifika na habari ya mapindo matatu kamili. Ukutani kulikuwa na karatasi mpya, plastiki bado ina mng'ao: *Dakika kumi zinahesabiwa tangu mgeni anapoingia, aketi au asiketi, kwa sababu yoyote ile, ikiwemo posa.*

"Imebadilishwa, mama," alisema Régis, na safari hii alikuwa karibu kutabasamu.

Pudentienne alisimama mbele ya karatasi ile, akaisoma toka juu hadi chini, akalirudia neno posa kama mtu aonaye jina lake gazetini. Kisha akasogea karibu, akaanza kuisoma upya, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mama, dakika zako zinaenda."

"Ziache ziende, afande. Hii wameandika kwa haraka."