Maji ya Kupimia Asali

Kosa langu lilikuwa kutaka maji yawe safi mno. Nalitaja mapema, maana nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Leo asubuhi nimesikia harufu ya nta mbichi, nikakumbuka siku ile sokoni Mpanda, nikiwa na miaka tisa.

Mama aliuza asali ya mizinga ya baba. Wanunuzi walikuwa na kipimo chao: unadondosha asali kwenye glasi ya maji. Ikizama na kutulia chini kama kidonge, ni halisi. Ikitawanyika, imechanganywa na sukari. Siku hiyo dada mmoja mwenye mgahawa alitaka ndoo zetu zote, na za kila wiki baada ya hapo. Mama akanituma maji.

Kwenye dumu letu niliona mdudu mdogo anaelea. Shuleni walitufundisha kwamba maji safi ni yaliyochemshwa, basi nikakimbia kwa mama ntilie wa jirani, akanimiminia ya birika. Nikaifuta glasi kwa shati, nikaifuta tena. Nilijiona mtu wa maana.

Asali ilianza kuzama, ikalegea, ikatoa nyuzi za rangi ya chai, ikaisha.

"Mama Deo, hii asali au juisi?" yule dada akauliza.

"Nyuki wake wanakula sukari ya dukani!" akadakia muuza karanga. Watu wakacheka.

Mama akaishika glasi kwa viganja viwili, akanitazama, asiseme kitu. Yule dada akahamia meza nyingine. Nilihisi kosa ni la maji yangu, lakini niliogopa kuuliza. Kwa miezi watu walipita mezani kwetu wakinong'ona, na mimi nikakaa kimya.

Nilikuja kujifunza mwenyewe, kwa kitabu cha kemia kisicho na jalada na vikombe vya jikoni. Asali kwa sehemu kubwa ni sukari, na sukari na maji hushikana. Hata asali halisi huyeyuka. Kwenye maji baridi inachelewa tu kwa sababu ni nzito, kwenye ya moto inakimbia. Inayokataa maji kabisa ni nta, maana yenyewe ni jamii ya mafuta. Niliikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, ikabaki inaelea. Kwenye mafuta ya taa ikaanza kupotea polepole.

Mwaka jana nikamwambia mama. Maneno niliyaandika kwanza, nikayafuta, nikayaandika upya.

"Nilijua, baba," akasema. "Glasi ilikuwa ya moto. Ningesema, wangeniacha mimi wakakugeukia wewe. Mimi maneno ya soko nimeyazoea."

Miaka yote hiyo nilidhani ukimya wake ulikuwa hasira.

Bado naogopa kukosea. Ila siku hizi nikikosea, nasema siku hiyohiyo.