Globu Moja, Vyumba Viwili

Stima ilifika kwetu Malaba kwa mlango wa nyuma, kupitia kinu cha posho. Mwenye kinu alikuwa na injini ya dizeli iliyosaga mahindi mchana kutwa. Siku moja akanunua dainamo, akaifunga kwa mkanda kwenye injini ile ile, akatangaza kwamba jioni mpaka saa nne, mwenye kutaka mwanga avute waya mpaka kwake. Saa nne anazima, kila mtu alale. Hiyo ndiyo ilikuwa kampuni yetu ya stima: mkanda mmoja na mzee mwenye usingizi wa mapema.

Wa kwanza kuvuta waya alikuwa mshindani wangu, mwenye gesti ya ng'ambo ya reli. Alitundika globu mlangoni, na madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Uganda wakaanza kumwendea kama kumbikumbi. Mimi nilikuwa na vyumba sita vya matofali, vitanda visivyo na kunguni, nilivyovikagua mwenyewe na kuvirudia. Lakini taa zangu zilikuwa za mafuta, na kumbikumbi hajali kunguni.

Madereva hawakuninyima usingizi. Dereva ni mtu wa kuja na kwenda. Niliowahofia ni wapangaji wangu wawili wa mwezi, maana hao ndio walioibeba nyumba siku ambazo barabara ilikuwa tupu. Chumba cha tatu alikaa karani wa malori, kijana wa Taita, ambaye kila jioni alirudi na karatasi za mizigo chini ya kwapa. Cha nne alikaa mshonaji, binti wa Chakol, na cherehani yake iliyochukua nafasi kubwa kuliko kitanda. Wote wawili walikuwa wameanza kutaja ng'ambo ya reli katika mazungumzo, kila mmoja kwa wakati wake, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Nilielewa. Bila stima, wale watu wangehama, na mimi ningebaki na kunguni wasiokuwepo.

Upande wetu hapakuwa na fundi wa stima. Nikatuma salamu Tororo kwa turniboi mmoja wa lori. Wakati ule, kwa mtu asiye na mzigo, kuvuka ilikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Hata shilingi ilikuwa moja pande zote mbili. Fundi akaja kwa baiskeli, mtu mnene, mchangamfu, koleo na bisibisi zimefungwa kwenye keria pamoja na ndizi za njiani. Alipita vyumbani akiangalia juu tu, kama mtu anayetafuta ndege.

"Nyabo," akaniambia, maana hivyo ndivyo wanavyomwita mama huko kwao, "mimi nahesabu pointi. Kila globu na swichi yake ni pointi moja. Vyumba sita, na mlangoni moja. Saba."

"Fundi, mbona unahesabu haraka hivyo? Hesabu tena."

Akazunguka tena. "Saba."

"Mimi naona nne."

"Bannange! Wewe unaangalia na macho gani?"

"Ya kulipa."

Nikamwonyesha. Vyumba vyangu vilikuwa viwili viwili, ukuta mmoja katikati. Nikasema, toboa tundu la tofali moja juu ya ukuta, karibu na mabati, weka globu mle ndani ya tundu, iangaze huku na huku. Kuta tatu, globu tatu, na ya mlangoni. Nne. Fundi alivua kofia, akajikuna.

"Globu inaweza kuangalia vyumba viwili, sikatai. Lakini swichi iko na mwenyewe mmoja."

"Swichi utaweka nitakapokuonyesha."

"Kale, haya, nyabo. Nyumba ni yako."

Swichi za madereva niliziweka ukumbini, nizibonyeze mwenyewe. Ya wapangaji wa mwezi niliifikiria, kisha nikaipeleka chumbani kwa mshonaji. Nilijiambia: mshonaji akikosea, sindano inaingia kidoleni; karani akikosea, ni karatasi tu. Kazi ilipokwisha nikapika kuku, nikatoa chungu cha ajono, majirani wakakaa na mirija yao wakinywa pombe hiyo ya wimbi na kungoja. Fundi alikataa kugusa swichi. Alisema kwao mwenye nyumba ndiye anayewasha, la sivyo stima haimjui. Nikabonyeza. Mlango wangu ukawaka, na madereva wawili wakashuka kwenye lori kabla sijaondoa kidole.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mshonaji alipotaka kulala.

"Dada! Mbona umezima? Niko katikati ya lori!" karani akapaza sauti kupitia tunduni.

"Na mimi niko katikati ya usingizi!"

Akawasha. Kesho yake mshonaji alikwenda mazoezi ya kwaya kanisani, akazima, akafunga mlango kwa kufuli. Karani alikuja kwangu na karatasi zake mkononi.

"Mama, naomba kuuliza. Mimi nalipia stima ya nani?"

"Yako, baba."

"Basi yangu imekwenda kuimba."

Sijamaliza kumtuliza, mshonaji naye akaja na lake. "Mama, huyo mtu anahesabu magunia kwa sauti. Mia tatu na kumi, mia tatu na kumi na moja. Mimi nashona, namsikiliza, jana nimeweka vifungo kumi na tano kwenye shati la mtoto." Halafu, kwa upole ule ule: "Nasikia ng'ambo ya reli kila chumba kina globu yake."

Nikaona wapangaji wote wawili wanapita mlangoni mwangu na vitanda kichwani. Nikatuma Tororo tena.

Fundi alikuja akicheka tangu alipokuwa mbali, baiskeli ikiyumba. "Nyabo, wewe ulihesabu nne. Mimi nilihesabu saba." Nikamwambia acheke akiwa juu ya ngazi, asipoteze mchana. Nilikuwa tayari kushindwa, lakini si mara moja. Nikamuuliza kama hakuna swichi isiyokaa upande wowote. Akafikiri, akatoa mfukoni swichi ya kuvuta kwa kamba. Aliifunga palepale tunduni, akaitia kamba mbili, moja ikaning'inia kwa karani na moja kwa mshonaji. Ukivuta inawaka, ukivuta tena inazima, kwa kamba yoyote.

"Sasa iko na wenyewe wawili," akasema. "Mungu awasaidie."

Jioni hiyo mmoja aliwasha, mwingine akazima, wa kwanza akawasha. Vyumba vyote viwili vikawa vinapepesa mwanga. Madereva walitoka uani na vikombe vyao vya chai kutazama madirisha.

"Mama, gesti yako inapiga indiketa!" mmoja akasema. "Inataka kukata kona gani?"

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nasikia vitanda vikibebwa.

Asubuhi hakuna aliyekuja kulalamika. Wala iliyofuata. Indiketa ikapungua. Sauti za tunduni nazo zikashuka. Karani akaacha kuhesabu kwa kelele, au labda kuna mwingine aliyekuwa akimsaidia kuhesabu. Nikaona karanga za kukaanga zimefungwa kwenye kitambaa, zikipandishwa kwa fimbo na kutumbukizwa upande wa pili. Kisha mashati. Karani alikuwa anapoteza vifungo, na shati lilikwenda kwa mshonaji kwa njia ya juu na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Mtu mwenye mashati matatu hapotezi vifungo vinne kwa wiki. Nilihesabu mara mbili.

Kwa hiyo waliponijia pamoja Jumapili baada ya misa, mshonaji na gauni jipya, karani na vifungo vyote, sikushangaa kusikia watakwenda Chakol kuzungumzia mahari. Niliwapa mkono, nikawatakia heri, na heri hiyo ilikuwa ya kweli. Halafu karani akakohoa.

"Sasa mama, tutahitaji chumba kimoja tu. Na yule bwana wa ng'ambo ya reli ametuambia ana kimoja kikubwa."

Pale ndipo nilipoamka. Niliwaambia wakae.

"Hicho kikubwa, cherehani mtaiweka wapi?"

Wakatazamana.

"Pembeni ya kitanda," karani akasema.

"Na akishonea watu saa mbili usiku, wewe na malori yako mtakaa kwenye paja la nani?" Nikawapeleka chumbani, nikawaonyesha ukuta. "Chini ya tundu hili nitatoboa mlango. Huku cherehani na meza, kule kitanda. Nyumba, si chumba. Malipo ni yale yale ya vyumba viwili."

"Lakini globu ni moja, mama. Utupunguzie kidogo."

"Globu moja mlikuwa nayo mkipigana. Hata vita sikuwatoza."

Mshonaji alicheka kwanza, nikajua nimempata. Naye si mjinga. Alidai mlango uwe na pazia, na mbele ya dirisha pawe na kibao cha kutangaza ushonaji wake. Nikakataa kibao, nikatoa pazia. Akaketi kwenye cherehani, akasema atangoja kibao hapo hapo. Nikatoa kibao.

Fundi alirudi mara ya tatu kuhamisha waya kabla ukuta haujavunjwa. Alipanda ngazi, akaziangalia zile kamba mbili zilizokuwa zimechakaa kwa mikono, akatugeukia na mkasi.

"Nyumba ni moja sasa. Nikate ipi?"

"Yake," akasema mshonaji.

"Yangu," karani akakubali, haraka sana.

Kamba ikaanguka. Nilitoka nikapita ukumbini, nikihesabu milango yenye watu. Yote ilikuwa na watu. Nikarudi mwanzo, nikahesabu tena.